Nilivyojijaza kwenye Ukoo wa Bi Rukaya

Jumatatu, 4 Agosti

Mgongo umekufa. Siku nzima napandisha mawe ya matumbawe kutoka uani hadi ghorofani, na fundi anayakataa moja moja kama mtu anayechagua nyanya. Nyumba hii iliwaona Wajerumani, ikawaona Waingereza, sasa inaniona mimi. Tukigusa ukuta, nusu ya ukuta inashuka. Kesho tutapandisha nusu hiyo tena.

Nilitoka Ujiji kwa kazi ya mwezi mmoja. Huu mwaka wa pili. Bagamoyo ni pazuri kwa mtu asiyebeba kitu.

Ila kuna Zuwena. Mjukuu wa Bi Rukaya, mwenye nyumba. Aliachika, hana mtoto, asubuhi anapika vitumbua barazani na kuviuza pamoja na maneno makali. Leo nimemwambia vitumbua vyake vinanikumbusha kwetu. Akauliza, kama kwetu ni kutamu hivyo, nimefuata nini huku, mawe? Nimecheka mpaka nikaangusha jiwe. Fundi hakucheka.

Nimeamua. Namwoa. Naposa wiki hii.

Jumanne, 5 Agosti

Posa imekufa kabla ya kuzaliwa.

Nilimwendea Bi Rukaya baada ya kazi, nimenawa mpaka kwenye viwiko. Nikaamkia, nikaketi chini, nikasema shida yangu. Hakukasirika. Alisema mimi kijana mzuri, mikono yangu haikai bure, lakini Zuwena ana baba yake na neno ni lake. Baba yake ni Muhidini, mwana wa Bi Rukaya, mhasibu mstaafu, anaishi Dar. Bibi akampigia palepale, simu kwa sauti kubwa kwa sababu masikio yamechoka.

Muhidini aliuliza neno moja tu: wa nani huyo? Bibi akajibu wa Ujiji. Muhidini akasema Ujiji si jina la mtu. Simkatai kwa kazi yake, alisema, kubeba mawe ni halali. Namkataa kwa kuwa hajulikani. Nitampaje binti yangu mtu ambaye hata babu yake sijawahi kumsikia?

Dadi alikuwa ameegesha bajaji yake dirishani. Amesikia yote. Dadi naye anamtaka Zuwena, na mtaa mzima unajua. Amenipa pole kwa sauti ya mnadi samaki.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimepata kazi ya pili, ya kukaa! Mungu mkubwa.

Muhidini amefungua wiki ya ukoo, mahali kwenye mtandao ambapo ndugu wote wanaruhusiwa kuandika habari za ndugu wote. Kila mtu ana ukurasa wake. Kila ukurasa unaanza na kiolezo, yaani visanduku vilivyopangwa tayari, wewe unajaza: jina, baba, mama, mahali alipozaliwa, kazi, na kwa marehemu mke, watoto na alikofia pia. Kisanduku kikiwa kitupu kinawaka rangi nyekundu. Muhidini hawezi kulala kukiwa na nyekundu. Anampigia mama yake kila siku kudai majina ya marehemu. Bi Rukaya ana mtoto wa jicho, haoni maandishi, akaniomba mimi. Nina simu na nilifika darasa la sita. Yeye anasimulia, mimi najaza, chai inakuja.

Leo tumefika kwa Abdulazizi bin Sharifu, baba yake mdogo Bi Rukaya. Alibeba mzigo wa kanga akapanda treni kwenda bara, hakurudi. Mke: kitupu. Watoto: kitupu. Alikofia: kitupu. Ukurasa mwekundu kama macho ya mlevi. Bibi alisema kuna walioapa walimwona Tabora. Wengine Kigoma.

Kigoma!

Nimeinywa chai bila kujua kama ina sukari.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimefanya. Baada ya swala, ili nisiseme uongo nikiwa na udhu wa kungojea swala nyingine.

Abdulazizi. Alioa: Ujiji. Mwana: Yunus. Huyu Yunus ni babu yangu kweli, baba yake mzazi hakuna aliyewahi kumjua, na mwenyewe ni marehemu, hana wa kumlalamikia. Mwana wa Yunus: Hija, baba yangu. Mwana wa Hija: Mosi. Ndiye mimi.

Kidogo nikwame. Mtandao ulikataa, ukasema baba hawezi kuzaliwa baada ya mwanawe. Nilikuwa nimemzaa Abdulazizi mwaka wa uhuru. Nikamrudisha nyuma. Ukakubali.

Sasa mimi na Zuwena ni binamu, wa mbali lakini binamu. Na hawa watu wanapenda kuozana wenyewe kwa wenyewe! Nimejaza kurasa zao, najua. Mume na mke, babu mmoja. Mume na mke, bibi mmoja. Mlango uko wazi, nimebaki kuingia tu.

Jumamosi, 9 Agosti

Muhidini amepiga asubuhi, sauti nyingine kabisa. Ameona. Akauliza kwa nini nilinyamaza siku zote hizo huku nabeba mawe ya nyumba ya babu zangu. Nikasema sikutaka kujipendekeza. Neno zuri sana lile. Sijui lilitoka wapi.

Bi Rukaya alinishika masikio yote mawili, akayasogeza karibu na macho yake mabovu, akatangaza kwamba hayo ni masikio ya Sharifu. Akaagiza mkate wa kumimina. Dadi alipita na bajaji mara mbili, hakusimama.

Zuwena peke yake ndiye hakushangilia. Aliuliza imekuwaje Jumanne nilikuwa sina kwetu na Jumamosi nina kwetu. Nikajibu damu huchelewa. Akasema, haya binamu, na akaniwekea kitumbua. Kilichoungua. Lakini alichagua yeye mwenyewe, nilimwona akichagua.

Muhidini ameahidi: nikikamilisha ukurasa wangu, pasibaki nyekundu hata moja, anakuja mwenyewe kutoka Dar tuzungumze. Tuzungumze nini kama si posa?

Jumatatu, 11 Agosti

Saruji haitakiwi kwenye nyumba za zamani, ni chokaa tu. Chokaa imenila vidole. Naandika kwa kidole gumba.

Kimebaki kisanduku kimoja. Kimeandikwa "Alinyonyeshwa na." Pembeni yake kingine kidogo, "Mara ngapi." Huyu mhasibu anataka kujua hata nani alikunywa nini!

Mimi mama aliugua nilipozaliwa, nikanyonyeshwa na mama mkubwa. Wote wawili wametangulia. Nikaandika jina la mama mkubwa. Likakataliwa. Kumbe huandiki, unachagua kwenye orodha, na orodha ni ya wanawake wa ukoo huu tu. Hakuna mahali pa kusema hakuna. Nikiacha, nyekundu. Nyekundu ikibaki, Muhidini haji.

Nikapandisha orodha, nikashusha. Ndipo akili ikanijia, nikiwa nimekaa juu ya mfuko wa chokaa.

Bi Mina!

Marehemu mke wa Muhidini. Mama yake Zuwena. Kifungua mimba wake, Abdulnasir, yuko Muscat, na ni rika langu. Sasa fikiria. Kama mama mkwe mwenyewe alinipakata na kunilisha, nani atasema hanijui? Binamu wa mbali ni wengi. Mtoto aliyelelewa kifuani pa nyumba hii ni mimi tu. Nimemchagua Bi Mina. Kwenye maelezo nikaandika kwamba mama yangu alikuja pwani kutafuta ukoo, mimi mgongoni, akashikwa na homa, Bi Mina akanipokea. Ilikuwa habari ya huzuni mpaka machozi yakanitoka mwenyewe.

Mara ngapi? Sikutaka kuonekana bahili. Nikaandika: "Nyingi, hazihesabiki, hadi nikashiba."

Ukurasa umekuwa wa kijani. Umekamilika!

Jumatano, 13 Agosti

Sina nguvu ya kuandika. Naandika.

Muhidini alikuja kwa gari la kukodi, kanzu nyeupe, halua mkononi. Alinikumbatia ngazini nikiwa na chokaa mwili mzima. Akalia begani kwangu. Kanzu ikapata alama ya mkono wangu mgongoni, hakujali. Nikasema moyoni, Mosi, umeoa.

Akaita, Zuwena, njoo umsalimie kaka yako. Nikadhani ni adabu tu. Tukakaa. Chai. Halua. Nikakohoa, nikasema, baba, kuhusu lile jambo la posa.

Bi Rukaya alisema astaghfirullah, polepole, kama mtu aliyekanyaga kitu.

Muhidini hakugomba. Alinieleza kwa upole, jinsi unavyomweleza mtoto kwa nini asiingize kidole kwenye moto. Mlionyonya ziwa moja ni ndugu. Huyu ni dada yako kama vile mmetoka tumbo moja, haolewi nawe mpaka Kiyama. Ndiyo maana aliweka kile kisanduku. Kuna arusi ya ukoo huu ilivunjwa pilau likiwa jikoni, bibi mmoja alipokumbuka kwamba aliwanyonyesha wote wawili.

Nikauliza kwa sauti ndogo kama labda ilikuwa kidogo tu.

Akafurahi kwamba nimeuliza. Akasema ni kweli, kwa madhehebu yetu mara moja au mbili haifungi, ni mpaka zifike tano, za kushiba. Akatoa simu, akavaa miwani, akasoma mbele ya watu: nyingi, hazihesabiki, hadi nikashiba. Akanisifu kwa ukweli wangu.

Chuo cha Kurani niliacha kabla ya kufika huko. Mwalimu alikuwa na fimbo ndefu.

Zuwena alikuwa mlangoni na sinia. Hakusema neno. Yeye, ambaye ana neno hata kwa mbuzi anayepita.

Alhamisi, 14 Agosti

Leo nimesema kweli. Sitarudia.

Nilimkuta Bi Rukaya peke yake. Nikamwambia yote. Kwamba Abdulazizi simjui. Kwamba sijawahi kubebwa mgongoni kuja pwani, nilikuja mtu mzima na begi. Kwamba Bi Mina nilimchagua kwenye orodha kama mtu anayechagua kanga.

Bibi alicheka, akanipapasa kichwa. Akasema anamkumbuka yule mtoto.

Mtoto gani?

Mtoto wa yule mwanamke wa bara aliyekuja na homa. Mina alimnyonyesha mpaka mama yake alipoinuka. Mtoto mwenye kichwa kikubwa. Kichwa hiki hiki, akasema, na akakipigapiga kama anayejaribu tikiti.

Nikasema yule alikuwa mtoto mwingine. Akauliza mimi nitajuaje, nilikuwa mchanga.

Nikampigia Muhidini. Akasema anaelewa. Kijana anamtaka mwanamke mpaka anakana maziwa ya mama yake, mapenzi ni maradhi, hatanihukumu. Lakini mama yake anashuhudia, naye hana faida na uongo. Mimi ninayo. Akauliza nina nani Ujiji wa kusema vinginevyo. Mama amekufa. Mama mkubwa amekufa. Nikaomba basi aufute ukurasa wangu. Akasema ukurasa uliokamilika ameshaufunga, usiharibiwe na watu.

Nilijilaza sakafuni kwenye chumba tunachokarabati. Bibi amekataa, amenihamishia chumba cha Abdulnasir. Kitanda cha Kihindi, chandarua, mto wenye maua. Sijawahi kulala pabaya hivi.

Jumamosi, 16 Agosti

Zuwena amesema.

Alikuwa anakwangua chuma cha vitumbua, mimi napita na ndoo. Nikasimama nikamweleza naye. Hakunikatiza. Nilipomaliza akasema anajua. Alijua tangu kwenye masikio, maana babu Sharifu alikuwa na masikio madogo, picha yake iko ukumbini, ila bibi haoni na wengine hawaangalii. Bagamoyo nzima aliyeniamini kwamba mimi ni mwongo ni yeye tu.

Halafu akaniambia jambo ambalo bora angenimwagia mafuta ya vitumbua.

Jumanne ile, baba yake alipokata simu, yeye Zuwena alimwambia bibi yake hataki mtu mwingine isipokuwa huyu mbeba mawe. Bibi akamjibu asitie shaka. Muhidini hunguruma mwezi, halafu huchoka. Hata mahari walikuwa wameshaanza kuizungumza, wao wawili, jikoni.

Ungekaa kimya tu, Mosi, alisema. Ungebeba mawe yako.

Nikamwambia tuondoke. Ujiji, popote. Akauliza nani atasimama shahidi wa ndoa ambayo bibi yake ameapa ni haramu, na yeye atamwangaliaje bibi yake maisha yaliyobaki. Akaniwekea vitumbua kwenye karatasi. Havikuungua hata kimoja. Akasema, chukua, kaka. Hakuwa ananitania.

Nimebeba mawe mpaka fundi akaniambia niache, hana pa kuyaweka.

Jumatatu, 25 Agosti

Sikuandika wiki nzima. Hakukuwa na kitu cha kuandika ila mawe.

Leo watu wa Dadi wameleta posa. Muhidini presha imepanda, hakuweza kutoka Dar. Abdulnasir yuko Muscat. Kwa hiyo kaka wa pili akakalia mkeka. Mimi! Kanzu ya kuazima, inaishia chini kidogo ya magoti.

Dadi aliingia kwa heshima zote, akaniamkia, na tumezaliwa mwaka mmoja. Akaniita shemeji. Nikamtolea maswali. Wa nani? Akajibu. Na huyo wa nani? Akajibu. Nikapanda naye mpaka babu wa babu, nikitumaini ataishiwa. Hakuishiwa. Wazee wa mkeka walimsaidia hata majina ya wake wa babu. Mtu aliyezaliwa Bagamoyo hana haja ya kiolezo.

Nikatumwa ndani kumuuliza Zuwena. Kaka ndiye anayeuliza. Alikuwa anachekecha unga wa mchele. Nikamuuliza anataka au hataki. Alichekecha kwa muda. Akasema Dadi si mtu mbaya, ameshona upya kiti cha bajaji ili magoti ya bibi yasiumie, na yeye Zuwena hajawahi kumdanganya. Akasema waambie nimekubali.

Nikarudi kwenye mkeka. Nikasema tumekubali. Mdomo huu huu. Wakasoma Fatiha, nami nikainua mikono, na mikono ilikuwa mizito kuliko siku ya mawe.

Alhamisi, 28 Agosti

Habari njema, kwa mara ya kwanza tangu nifike pwani hii!

Bi Rukaya ameona kwamba sili chakula. Amesema mtoto wa nyumba yake hawezi kuishi kama popo. Dada yake ana mjukuu huko Mbegani, anaitwa Ummy, anauza chakula cha mchana kwa wavuvi. Alikuja kwenye posa ya Zuwena, akaniona, akauliza yule mwenye kanzu fupi na macho ya uvumilivu ni nani. Macho ya uvumilivu! Nami nilimwona. Ana sauti ya kucheka hata akiomba chumvi.

Bibi ameshachunguza. Maziwa hayafiki huko. Muhidini naye amechunguza, amesema halali kabisa, na nasaba yangu inajulikana. Wazazi wa Ummy wameridhia, wamesema tu kwamba kesho wataufungua ukurasa wangu wauangalie, kwa kutimiza desturi. Bibi amenishika mkono akaniambia, mwanangu, safari hii usifanye kitu chochote. Kaa. Kula. Usiguse simu.

Nimekaa. Nimekula. Nikaichukua simu kuangalia tu kama ukurasa uko sawa.

Ni bora niliangalia! Muhidini ameufungua tena, maana ameongeza kisanduku kipya kwa wanaume wote, hata walio hai. "Wake." Na changu kinawaka nyekundu, kiko juu kabisa, mahali ambapo baba yake Ummy ataanza kusoma. Mwanamume wa miaka thelathini na mitano, kwenye wake, nyekundu! Watasema nina kasoro. Watauliza mbona wanawake wote wa Ujiji walinikataa.

Kisanduku kina mistari minne. Nilifikiria kujaza mmoja, nikaona mmoja ni kama nilibahatisha. Wawili, mistari miwili inabaki mitupu chini yao na inawaka vilevile. Nimejaza yote minne. Majina mazuri, ya watu wa heshima, wawili wa Ujiji, mmoja Kasulu, mmoja Uvinza. Pembeni ya kila jina kuna pa kuchagua hali yake: yupo, ameachwa, amefariki. Kote nimechagua yupo, ndoa haijavunjika hata moja, ili Ummy aone kwamba mimi si mtu wa kuacha wanawake.

Ukurasa umekuwa wa kijani. Nimeufunga mwenyewe, usiharibiwe na watu.